Datsun 240Z inalia: ni klachi, giaboksi au difu?

Nilishusha giaboksi ya 240Z yangu mara mbili kwa kelele ambayo haikuwa ya giaboksi. Kila nikiachia klachi kuondoka, kishindo kimoja kilitoka chini ya kiti, ko!, kama mtu aliyegonga sakafu kwa nyundo ya mpira. Gereji ya kwanza ikasema ni beringi. Giaboksi ikashuka, beringi zikabadilishwa, gari likarudi nyumbani na ko! yake. Mara ya pili wakasema ni sinkro, zile pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia. Nikalipa tena.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja aliyekwisha kuacha ufundi, na hakuinama hata kuchungulia chini ya gari. "Kijana wangu, hiyo sauti inakuja lini?" Nikaanza kumwigizia inavyolia. Akanikatiza: "Sikukuuliza inaliaje. Nimekuuliza inakuja lini."

Swali hilo ndilo mwongozo huu wote. Beringi mbovu, bushi kavu na gia iliyolika vinaweza kulia kwa sauti moja, na chuma chini ya gari husafirisha sauti hadi mahali ambapo haikuzaliwa. Lakini kila kifaa kina wakati wake wa kuzunguka na wakati wake wa kutulia. Ukijua nani anazunguka saa ngapi, mguu wako wa kushoto utakuonyesha mwenye kelele kabla hujagusa spana.

Ninazungumzia 240Z ya kati ya 1969 na 1973, ile yenye injini ya L24 ya silinda 6 na kabureta mbili. Ndilo gari ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, na Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia mwaka 1973, kwa hiyo hapa kwetu halihitaji kutambulishwa. Mengi ya yaliyomo humu yatakufaa pia ukiwa na gari lolote la zamani lenye injini mbele, gia za mkono na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) nyuma.

Nani anazunguka, na saa ngapi

Gari likiwa limesimama, injini inanguruma, gia iko nyutro na mguu uko mbali na klachi, klachi pleti, ile sahani ya msuguano, inazunguka pamoja na flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya injini, na inaizungusha shafti ya kuingilia giaboksi. Shafti hiyo inaizungusha shafti ya chini, ile inayokaa ndani ya oili, na shafti ya chini inazizungusha gia zote za mbele. Shafti kuu inayokwenda kwenye propela, ile shafti ndefu ya kwenda nyuma, imesimama. Rilisi beringi, ile inayosukumwa na uma wa klachi, nayo haina kazi.

Kanyaga klachi hadi chini. Sasa rilisi beringi imekamatwa na vidole vya presha pleti, sahani inayoibana klachi pleti kwenye flaiwili, na inazunguka kwa kasi ya injini. Shafti ya kuingilia inapungua mwendo, kisha inasimama, na giaboksi nzima inanyamaza.

Bado mguu uko chini, ingiza gia ya kwanza. Shafti ya kuingilia haiwezi kujizungusha hata kidogo maana imefungwa kwenye magurudumu yaliyosimama, ilhali krenki, shafti ya injini, inaendelea kuizunguka. Ncha ya shafti hiyo imekaa ndani ya bushi ndogo ya shaba iliyopigiliwa mwishoni mwa krenki, nayo ndiyo pailoti. Kazi ya pailoti inaonekana hapo.

Hali ni hizo tatu. Fanya jaribio hili asubuhi, injini ikiwa baridi, na ulirudie baada ya kuendesha nusu saa. Zima redio, fungua vioo, weka vigingi kwenye magurudumu na vuta breki ya mkono. Ukitaka mtu asikilize kutoka chini, gari lipande kwenye stendi nne za chuma na gia ibaki nyutro. Mtu halali chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na wala halali chini yake wakati gia imeingia huku mguu wa mwingine ndio pekee unaolizuia.

Inalia nyutro, ukikanyaga klachi inanyamaza

Kelele hii inatoka ndani ya giaboksi: beringi ya shafti ya kuingilia, beringi za shafti ya chini, au gia zenyewe zikigongana meno. Lakini usikimbilie kuagiza beringi. Anza na kabureta.

Najua inaonekana kama kumtibu mgonjwa wa goti kwa dawa ya macho. L24 inapokuwa na kabureta mbili zisizopatana, injini haitulii. Kila silinda inasukuma krenki kwa nguvu tofauti. Mtikisiko huo unaingia kwenye giaboksi, na gia zisizobeba mzigo zinaanza kupigana meno zikienda na kurudi katika nafasi ndogo iliyo kati yake. Utasikia kama kokoto ndani ya kopo. Pandisha resi kidogo kwa mguu: kokoto zikitoweka mara tu injini inapopata mwendo laini, linganisha kabureta, angalia platini na plagi, kisha sikiliza upya. Klachi pleti ambayo springi zake za katikati zimelegea huleta kelele hiyohiyo, kwa sababu springi hizo ndizo zilizowekwa kumeza mtikisiko.

Beringi mbovu haidanganywi na resi. Ukipandisha resi, nayo inapandisha sauti. Inakuwa mvumo unaofuata injini, na oili ikipata moto kelele mara nyingi huzidi kwa kuwa oili imekuwa nyepesi. Hapo fungua nati ya kujazia iliyo ubavuni mwa giaboksi. Oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu hilo. Chovya kidole: ikiwa haipo, umeanza kupata jibu. Mwaga ya zamani kwenye beseni safi na uiangalie juani. Unga wa rangi ya fedha uliokamatwa na sumaku ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si kawaida. Vumbi la dhahabu linaloelea ni shaba ya pete za sinkro.

Na kwa kuwa tumefika kwenye oili: giaboksi hii inataka oili ya daraja la GL-4, uzito wa 80W-90. Wauzaji wengi watakupa GL-5 na kukwambia ni bora kwa sababu namba ni kubwa. GL-5 ni ya difu. Dawa zake za salfa zinaweza kuila shaba ya sinkro, na utelezi wake unazinyima pete hizo msuguano zinaoutegemea ili zifanye kazi. Nimeona giaboksi iliyokuwa inasaga gia ya pili ikapona nusu kwa kubadilishiwa oili tu.

Kimya, kisha inalia ukigusa klachi

Weka uzito wa mguu kidogo tu juu ya pedali, usikanyage. Ikianza kulia hapo, kama mluzi mkavu au kama panya, rilisi beringi ndiyo imeguswa na vidole vya presha pleti. Ukikanyaga zaidi ikageuka kuwa mngurumo, grisi yake imekwisha na gololi za ndani zimeanza kulika. Beringi hii huja na grisi yake ndani, imefungwa. Haipakwi nyingine kwa nje ikapona.

Kuna tofauti ya kuangalia kwanza. Katika 240Z za mwanzo uma wa klachi una springi ya kuuvuta nyuma, na fimbo inayousukuma ina nati za kurekebisha. Lazima ubaki mchezo mdogo kwenye ncha ya uma, kama milimita 2, ili mguu ukitoka beringi nayo iachane na vidole. Springi ikikatika au mtu akiikaza fimbo hadi mchezo ukaisha, beringi inazunguka mchana kutwa na hufa mapema. Ingia chini, shika uma kwa mkono, uutikise. Ukiwa mgumu kama umefungwa, rekebisha kabla ya kulaumu chochote. Magari ya baadaye yaliachana na springi hiyo na beringi hugusa daima bila shida, kwa hiyo hakikisha uko upande upi, maana magari haya yamechanganywa vipuri kwa zaidi ya miaka 50.

Mchanganyiko wa vipuri ndio unaonipeleka kwenye kola, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotupa pesa.

Rilisi beringi imekaa juu ya kola ya chuma, na uma unaisukuma kola, hausukumi beringi moja kwa moja. Nissan, wenye jina la Datsun, walitengeneza kola za urefu mbalimbali, kwa kuwa presha pleti za Z nazo zilikuwa na vimo mbalimbali. 240Z ilitoka na klachi ya milimita 225. Ile ya 2+2, Z ya viti vinne iliyokuja baadaye, ni milimita 240. Presha pleti fupi inataka kola ndefu, ndefu inataka kola fupi. Sasa mtu ananunua seti nzuri ya klachi ya gari la baadaye, inaingia kwenye flaiwili bila ubishi, kisha anairudisha na kola yake ya zamani kwa sababu seti huja na beringi bila kola. Kola ikiwa fupi mno, unakanyaga hadi mwisho na klachi haiachii. Gia zinasaga zote. Ikiwa ndefu mno, beringi inabanwa kwenye vidole hata mguu ukiwa mbali: inalia muda wote, na klachi inateleza kwenye mlima.

Wenye Z wana kipimo wanachopeana. Ukishafunga presha pleti kwenye flaiwili, weka beringi na kola juu ya vidole, kisha pima kutoka uso wa flaiwili hadi pale uma unapoisukuma kola. Upate karibu milimita 92. Kipimo hiki ni dakika 5 za rula na kipande bapa cha chuma wakati giaboksi iko chini, na kinakuokoa na siku nzima ya kuishusha tena. Fundi akikuona unapima atacheka. Mwache acheke.

Inalia gia ikiwa imeingia na klachi iko chini

Mlio mwembamba, wa juu, unaokuja kwenye taa nyekundu ukiwa umekanyaga klachi na gia imeingia, na unaopungua ukitoa gia: mshuku pailoti. Rilisi beringi ingelia hata nyutro, ilimradi umekanyaga. Pailoti ya 240Z ni bushi ya shaba yenye vinyweleo vinavyobeba oili. Ikikauka hulia, na ikilika sana ncha ya shafti inayumba.

Kuitoa hakuhitaji chombo cha duka. Jaza tundu lake grisi nzito, tafuta chuma cha mviringo kinachoingia bila nafasi, kipige kwa nyundo. Grisi haina pa kwenda, inaisukuma bushi nje kutoka nyuma. Bushi mpya ilaze kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kuipigilia.

Gia inasaga kuingia

Watu hutamka "sinkro" haraka mno hapa. Fanya jaribio la rivasi, kwa kuwa rivasi ya giaboksi hii haina sinkro na haiwezi kuficha kitu. Gari limesimama, injini imepata joto, kanyaga klachi hadi chini, hesabu polepole hadi tano, kisha ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia vizuri. Ikisaga, shafti ya kuingilia bado inazunguka: klachi haijaachia kabisa na sinkro hazina hatia.

Klachi isiyoachia mara nyingi huanzia kwenye mafuta ya klachi, yale ya aina ya breki. Angalia kikopo cha masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali: mafuta meusi maana yake mipira ya ndani inalika. Funua kifuniko cha mpira cha silinda ya chini iliyo kando ya giaboksi. Kikiwa na unyevu, inavuja. Halafu mtu akanyage pedali huku wewe ukiutazama mpira wa mafuta unaoelekea chini. Mpira wa zamani huvimba kama puto, na nguvu inaishia humo. Ukiona hewa kwenye mafuta, toa hewa, lakini jiulize iliingilia wapi.

Nikiongea na watu wa Mombasa na Tanga, kuna ugonjwa mwingine. Gari limekaa gereji miezi kadhaa, unyevu wa bahari umeingia, klachi pleti imeshikana na flaiwili kwa kutu au imegoma kuteleza kwenye meno ya shafti. Pedali ni nzuri, mafuta ni mazuri, gia haziingii. Mara nyingi klachi hujiachia yenyewe baada ya injini kupata moto na klachi kukanyagwa mara nyingi. Kuwasha gari likiwa kwenye gia ya kwanza ili liruke na kujibandua ni dawa ya zamani. Mimi siipendi, hasa ukuta ukiwa mbele.

Ikiwa rivasi imeingia vizuri na inayosaga ni gia moja tu, kwa kawaida ya pili unapopunguza mwendo, hapo ni sinkro kweli. Oili sahihi kwanza. Kisha jifunze kukanyaga klachi mara mbili: toa gia, achia klachi ukiwa nyutro, piga resi kidogo, kanyaga tena, ingiza. Utaendesha hivyo miaka.

Inavuma barabarani

Kwenye giaboksi hii, ya gia 4 au ya gia 5, gia ya nne ni moja kwa moja: shafti ya kuingilia inafungwa na shafti kuu, na nguvu haipiti kwenye shafti ya chini. Shafti ya chini inazunguka bure. Tafuta barabara tulivu, pita mwendo uleule kwa gia ya tatu, kisha ya nne. Mvumo ukiwapo ya tatu na kufifia ya nne, shafti ya chini na beringi zake zinakuita. Ukiwapo kwenye gia moja tu, ni meno ya gia hiyo. Ukibaki uleule kwenye gia zote, toa gia na uache gari liserereke, injini ikiendelea kunguruma. Usizime ufunguo, maana usukani unaweza kujifunga na breki zitapoteza nguvu ya injini. Kinachoendelea kuvuma hapo kwa kufuata mwendo wa magurudumu kiko nyuma: beringi ya nyuma ya shafti kuu, propela, difu au beringi za magurudumu. Difu ina alama yake: inalia ukikanyaga mafuta na kubadili sauti ukiachia, au kinyume chake.

Ko!

Turudi kwenye kishindo changu. Jibu langu kwa mzee lilikuwa: inakuja wakati wa kuondoka, na tena nikiachia mafuta ghafla. Nikiwa nimesimama, haiko. Nikiserereka, haiko. Nikishika mwendo mmoja, haiko. "Basi ni kitu kinachopinduka," akasema, "si kitu kinachozunguka."

Difu ya 240Z imefungwa kwenye bodi. Pua yake imekalia mpira mmoja mbele, na nyuma imeshikwa na bapa refu lililopinda kama masharubu, lenye bushi zake pembeni. Injini inapovuta, pua ya difu inataka kunyanyuka. Juu yake kuna mkanda uliowekwa kuizuia. Mpira ukipasuka na mkanda ukilegea, pua inaruka, inagonga, inarudi. Sauti inasafiri kwenye handaki la propela na kukufikia chini ya kiti, pale pale ilipo giaboksi.

Kuthibitisha ni rahisi. Gari likiwa kwenye stendi na injini imezimwa, weka kipande cha mbao juu ya jeki na uinue pua ya difu taratibu. Ikipanda huku mpira ukifunguka kama mdomo, umeipata. Ukiwa hapohapo, shika propela uipindue mbele na nyuma, kisha shafti mbili za pembeni zinazokwenda magurudumuni. Propela ina krosi (viungo vinavyopinda) mbili, na kila shafti ya pembeni ina zake mbili, kwa hiyo jumla ni sita. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vya krosi linatosha kuihukumu. Meno ya difu yenyewe yana uhuru kidogo wa kawaida; usiuchanganye na wa krosi.

Mpira wangu ulikuwa umeachana na chuma chake kabisa. Kuubadilisha kulichukua asubuhi moja.

Gari linatetemeka likiondoka, na leva inazizima

Mtetemeko wakati wa kuachia klachi mara nyingi ni oili kwenye klachi pleti. Chini ya kengele ya giaboksi, ile sehemu pana ya mbele inayofunika klachi, pana upenyo. Pitisha kidole na unuse. Oili ya giaboksi inanuka salfa, kama yai viza, na imetoka kwenye sili ya mbele ya giaboksi. Isiyo na harufu hiyo ni ya injini, kutoka sili ya nyuma ya krenki. Kama pakavu, tazama mpira wa giaboksi na mipira ya injini kabla ya kufungua zaidi.

Leva inayozizima kama nyuki kwenye mwendo fulani na kunyamaza ukiishika ni bushi za leva tu. Ni vipande vidogo vya plastiki, vinabadilishwa kutokea ndani ya gari.

Ikibidi ishuke

Ikishuka, badilisha kwa pamoja klachi pleti, presha pleti, rilisi beringi, pailoti, sili ya krenki na sili ya mbele ya giaboksi. Bei ya vitu hivyo vyote ni ndogo kuliko kazi ya kushusha mara ya pili. Flaiwili ipelekwe kusawazishwa uso. Klachi pleti ina upande wake. Iweke ile sehemu iliyotokeza ya springi ielekee giaboksi, na uikaze presha pleti kwa kuvuka kama nati za gurudumu, kidogo kidogo. Na kola ya zamani usimpe fundi aitupe pamoja na beringi iliyokufa. Ing'oe, ipime, iandike urefu wake kwa rangi ubavuni, uifungie kwenye kisanduku cha vipuri.